Nilifuata chati, nikanasa kwenye matoleo ya kale ya Billboard

Ubishi ndio ulionipeleka. Rafiki yangu alishikilia kwamba wa kwanza kabisa kushika namba moja kwenye Hot 100, chati ya nyimbo mia zinazovuma Marekani inayotolewa na jarida la muziki la Billboard, alikuwa Elvis Presley. Kwa kuwa matoleo mengi ya zamani ya Billboard yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na yanasomwa bure mtandaoni, nikaenda kuhakikisha. Toleo la tarehe 4 Agosti 1958 likanipa jibu: Ricky Nelson. Ilikuwa dakika tano tu. Nimemaliza wiki tatu sasa na bado nimo.

Sikujua kwamba jarida hili halikuanza na muziki. William Donaldson na James Hennegan walilianzisha Cincinnati, Marekani, Novemba 1894, kwa ajili ya wabandika mabango, na ndiko jina lilikotoka. Baadaye likahamia kwenye sarakasi na maonyesho. Ukurasa nilioupenda kuliko yote ni wa orodha ya barua. Wasanii wale leo wako mji huu, kesho ule, hawana anwani. Basi ndugu zao waliandika kupitia jarida, nalo likachapa majina ya wenye barua ili wazifuatilie. Safu kwa safu za majina, herufi kama mchanga. Nilizisoma kama hadithi, nikijiuliza nani aliipata yake na nani hakuipata.

Chati nazo, ukizifuatilia tangu Julai 1940 Tommy Dorsey, kiongozi wa bendi, alipoongoza orodha ya kwanza ya santuri zilizouzwa zaidi, zinakufundisha kuuliza: nani kahesabu? Kabla ya Hot 100 palikuwa na orodha tofauti za mauzo ya madukani, redio na mashine za santuri za kutumbukiza sarafu, na kila moja ina namba moja yake. Kwa miongo mingi hesabu ya albamu ilitegemea neno la wenye maduka. Mei 1991 zikaanza kuhesabiwa kwa mashine, kila albamu inapopita kaunta, na ghafla muziki wa kantri na rapu ukapanda. Septemba hiyo hiyo albamu ya mwimbaji wa kantri Garth Brooks iliingia moja kwa moja kileleni. Mashabiki hao hawakuzuka mwaka ule, jamani!

Kasoro: kwa simu utaumiza macho, tumia kompyuta. Kutafuta kwa jina kunakwama maana herufi zilizofifia zinasomwa visivyo, kwa hiyo ingia kwa tarehe. Matangazo ya kampuni za santuri usiyaruke, mengine yanachekesha kuliko habari.

Matoleo haya nayapa nyota nne. Rafiki yangu nilimrudia na jibu, nikalazimika kumpa nusu ya ushindi: Elvis aliongoza zile orodha za zamani mwaka 1956, miaka miwili kabla Hot 100 haijazaliwa.