Waini ya Dodoma: niliidharau Dar, nikaielewa Iringa

Mimi ni mmoja wa waliokuwa wakisema waini nyekundu kavu ya Dodoma ni dawa ya kikohozi iliyosahauliwa sukari. Nilishainywa mara mbili Dar es Salaam, zote kwenye sherehe. Chupa imeshinda mezani chini ya turubai tangu saa nane mchana, glasi ya plastiki, hata karanga hakuna. Mara zote mbili niliishia kuimwaga kwenye nyasi nikihakikisha mwenye shughuli hanioni.

Mwezi wa tatu tukaenda ukweni Iringa, tukapitia Dodoma. Usukani alishika shemeji, na kwa kuwa yeye hagusi kileo, mimi nikawa huru kununua. Zabibu zilikuwa zimejaa, maana mizabibu ya kule huvunwa mara mbili kwa mwaka. Haina baridi ya kuilaza usingizi miezi kadhaa kama ya Ulaya. Nikachukua chupa nne: mbili nyekundu kavu za zabibu ya Makutupora, aina iliyobeba jina la kituo cha utafiti kilicho nje ya mji; moja nyeupe ya zabibu ya Chenin Blanc; na moja nyekundu tamu ya kumpelekea bibi wa mke wangu. Hakuna iliyofika elfu ishirini.

Ile nyeupe haikufika Iringa. Tuliitia kwenye ndoo ya barafu, na tulipofika bwawa la Mtera, perege wa kukaanga wakiwa bado wanachuruzika mafuta, tukaifungua. Ina uchachu kama wa limao lililoiva sana, na kazi yake ilikuwa ileile ya limao: kukata mafuta ya samaki na kukufanya utamani kipande kingine. Nilimaliza yangu hata kabla ya shemeji kumaliza soda. Nikasema nitanunua nyingine mbele ya safari. Sikuiona tena, na kosa hilo lilikuja kunigharimu.

Siku ya pili jioni tulipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Wenyeji hulihusisha na Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Unapanda kidogo tu, kisha mji mzima uko chini yako, mabati yakiwaka jua la mwisho. Tulibeba kilo moja na nusu ya kitimoto kavu iliyofungwa kwenye foili, ndizi za kukaanga, kachumbari, chupa moja ya nyekundu na vikombe vya bati, maana glasi juu ya mwamba ni kutafuta balaa.

Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa jioni pale si wa mchezo. Wote tulivaa masweta. Chupa nayo ilikuwa imepoa kwa hali ya hewa tu, bila friji. Funda la kwanza nililinywa kavukavu, bila chakula, nikakutana na adui yangu yuleyule: ukakasi. Ule wa kung'ata bibo, ulimi unakauka na mashavu yanavutana. Mke wangu akanitazama akacheka. "Kula kwanza."

Nikatafuna kipande chenye mafuta yake, kile cha pembeni kilichoungua kidogo. Nikanywa tena. Ukakasi haukuwepo. Namaanisha ulikuwepo, lakini umepata kazi ya kufanya: unasafisha mafuta mdomoni, na nyuma yake ikatokea ladha ambayo Dar sikuwahi kuihisi, kama ya zambarau zilizoiva, na harufu ya moshi kidogo, ingawa huo moshi huenda ulikuwa wa nyama. Baadaye nilielewa sababu. Kinachokausha ulimi ni tanini za ganda na mbegu ya zabibu, hukamata protini. Ukinywa bila kula, zinakamata zile za mate yako. Ukiwa na nyama, zinapata kitu kingine cha kushika. Na wazungu wanaposema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, wanamaanisha vyumba vyao, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Temeke mwezi wa kwanza haimo kwenye maelezo hayo. Ikipata joto, pombe inapanda puani na kufunika kila kitu kingine.

Angalizo moja: pilipili. Shemeji alikuwa ameipiga kachumbari pilipili mbuzi bila huruma, na kila nilipochanganya na waini kinywa kiliwaka mara mbili. Tukaitenga kando. Tulikuwa tumebakiza robo ya chupa mvua iliposhuka ghafla, tukateremka tumekumbatia foili kama mtoto mchanga.

Kwa nyekundu kavu, katika mazingira hayo, natoa nyota nne na nusu. Ile nusu naizuia kwa sababu ya kizibo kilichokatikia ndani, tukakisukuma kwa mpini wa kijiko.

Kijijini, bibi alitupokea na kamwene nyingi, ndiyo salamu ya Kihehe, akaniita "mume wangu" kama kawaida yake, kisha akaionja ile tamu aliyoletewa. Akaizungusha mdomoni muda mrefu.

"Hii ni togwa ya mjini," akasema. "Nzuri kwa wagonjwa."

Kisha akaagiza ulanzi, pombe ya mianzi. Wageni wengi huupita huu, na mimi nauhesabu kuwa mvinyo kamili. Wakati wa mvua machipukizi ya mianzi hukatwa ncha, kikafungwa chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta kukinga maji yanayodondoka, na mgemaji hurudi asubuhi na jioni kukata kidogo tena ili yaendelee kutoka. Hauongezewi kitu. Hamira ya hewani inaanza kazi yenyewe. Wa asubuhi ni mtamu, mweupe kama maji ya mchele, na unatekenya ulimi kwa gesi. Ukilala unakuwa mkangafu, yaani mkali, na huo unataka heshima. Sisi tulipewa wa asubuhi, na mahindi mabichi ya kuchoma. Utamu wa hindi na ule uchachu mwepesi wenye harufu ya majani vilishikana vizuri kuliko kitu chochote nilichokunywa safari nzima. Tatizo lake ni moja: hausafiri. Usijaribu kuujaza kwenye chupa ya soda na kufunga kizibo, viti vya gari vya shemeji ni mashahidi.

Mbeya tulilala hoteli moja ambayo sitaitaja. Niliagiza glasi ya nyekundu, ikaja inanuka siki. Nilipouliza chupa ilifunguliwa lini, mhudumu akajibu, "Bado ipo nyingi, bosi." Ilikuwa imekaa kaunta siku kadhaa, karibu na jiko. Siku hizi nikiagiza kwa glasi naomba nioneshwe chupa, na kama haikufunguliwa siku hiyo au jana yake nachukua bia.

Tukamalizia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama majini kabisa. Chakula kilikuwa mbasa wa kuchoma na wali wa mchele wa Kyela unaonukia tangu jikoni. Kinywaji kilichobaki ni ile nyekundu ya pili, iliyopikwa na jua kwenye buti la gari kutwa nzima. Nilijua nisingepaswa. Samaki na nyekundu yenye tanini vilipokutana, mdomo ukajaa ladha ya kulamba msumari. Nikatia mabonge mawili ya barafu kwenye kikombe, wajuzi wanisamehe, nikanywa yenyewe baada ya kumaliza kula, nikiiwaza ile nyeupe ya Mtera.