Steshenari ya Barabara ya 9, Ngamiani: mpeleke mzee wako hapa

Kama uko Tanga na una mzee anayetafuta huduma za serikali za mtandaoni, mpeleke steshenari ndogo ya Barabara ya 9, Ngamiani, ile yenye mlango wa bluu. Mimi nilimpeleka shangazi yangu, muuza mafuta ya nazi wa Mabawa, kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara.

Binti wa pale alimwamkia, akamvutia kiti, akageuza kioo cha kompyuta ili tuone kila anachoandika. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20, aliiingiza taratibu huku shangazi akimsomea kwenye kadi. Yakaja maswali ya uhakiki. Hapo ndipo wengi hukwama, maana jibu linatakiwa lifanane na lile la siku ya kujiandikisha. Binti hakubahatisha. "Shangazi, jina la mama siku ile uliliandika Mwanahamisi, au Mwana Hamisi?" Shangazi akafikiri, akajibu, tukapita.

Ila kilichonigusa zaidi ni suala la akaunti. Duka jingine la mjini liliwahi kumfungulia shangazi akaunti kwa barua pepe na simu ya dukani; alipotaka kuingia tena, msimbo wa kuingilia ukawa unakwenda kwa kijana aliyekwishaacha kazi. Huyu binti alimfungulia barua pepe yake mwenyewe, msimbo ukaingia kwenye kiswaswadu cha shangazi, ile simu yake ndogo ya kubonyeza, nywila shangazi akaichagua mwenyewe na kuiandika kwenye daftari lake. Kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, ilipotoka, shangazi akalipa kwa simu yake mwenyewe. Shangazi hutuma na kupokea pesa kwa simu kila siku, teknolojia haimtishi hata kidogo. Kilichokuwa kikimrudisha nyuma ni kumkabidhi mtu baki siri zake.

Ndiyo maana nalalamikia nafasi. Chumba ni finyu, jina la mama yako analisikia hadi aliyekuja kutoa fotokopi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Jamani, wekeni hata pazia! Printa nayo inafifisha, na umeme ukikatika kazi inasimama.

Kujaza fomu ni shilingi 5,000, fotokopi 100. Nendeni asubuhi kabla wanafunzi wa maombi ya mikopo hawajajaa, na mzee abebe simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake.