Filta ya polaraiza kwa picha za mito na msitu: uzoefu wangu

Wengi hununua filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao wa mwanga ulioakisiwa, kwa ajili ya anga la buluu. Kusema kweli, angani ndiko inakonisumbua zaidi. Ukiwa na lenzi pana, yaani inayoona eneo kubwa, yenye urefu wa fokasi chini ya milimita 24 hivi, upande mmoja wa anga unakolea na mwingine unabaki mweupe, na kurekebisha hilo baadaye ni kazi ya kuchosha. Mimi naitumia chini, penye majani yaliyolowa na mawe ya mtoni, na huko sijaona kifaa kingine cha kushindana nayo.

Jani lililonyeshewa halitoki kijani kwenye picha. Linaakisi anga, kwa hiyo uso wake unafunikwa na mng'ao mweupe, na kamera inauchukua kama ulivyo. Zungusha filta polepole huku ukitazama skrini: mng'ao unaondoka, kijani kinajitokeza, mwishowe unaona hata mishipa ya jani. Magome yaliyolowa na mizizi yenye utelezi ni vivyo hivyo. Kilichofichwa na mng'ao hakikuingia kwenye picha, basi hata programu ya kuhariri haina cha kurudisha. Ndiyo maana siku ya mawingu, mvua ikishakatika tu, mimi huingia msituni nayo ikiwa tayari kwenye lenzi.

Kwa maji, pembe ndiyo inayoamua. Filta hufanya kazi vizuri zaidi lenzi ikitazama maji kwa takriban digrii 37 kutoka usawa wake. Hapo kokoto za chini zinaonekana waziwazi. Ukichungulia wima kutoka juu ya daraja, izungushe utakavyo, hakuna kinachobadilika.

Lakini usiizungushe hadi mwisho kila mara! Kijito kikiwa kivulini na miti ya ng'ambo ikipigwa na jua, rangi yote ya picha imo kwenye yale maakisi. Ukiyafuta, unabakiwa na dimbwi jeusi lisilo na habari yoyote. Mimi huishia katikati: jiwe la mbele linapoteza mng'ao, na dhahabu ya miti inabaki majini.

Inakula mwanga pia, kati ya stopu moja na mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga): muda wa shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, unarefuka kutoka 1/30 ya sekunde hadi 1/15 au hata 1/8. Kwa maji hiyo ni faida. Kwenye tripodi napenda robo hadi nusu sekunde, kwa sababu nyuzi za mkondo na povu linalozunguka nyuma ya jiwe bado vinaonekana. Sekunde 30 hugeuza mto kuwa maziwa, na picha za namna hiyo zimeshanichosha. Tatizo ni majani: upepo mdogo tu unayatia ukungu. Huwa napiga ya pili kwa ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya juu na shata ya haraka, kisha naunganisha mbili hizo.

Kuhusu kifaa chenyewe, ya kwanza ilikuwa na pete nyembamba ya alumini, ikawa inang'ang'ania kwenye lenzi kiasi cha kuhitaji mpira wa kushikia ili itoke. Ninayotumia sasa ina pete ya shaba nyeupe, na inafunguka bila ugomvi. Izungushe upande wa kukazia, la sivyo utaifungua bila kujua na itaishia mtoni. Karibu na maporomoko, tone moja la maji juu yake linatosha kuharibu picha, hivyo kitambaa kikavu hakitoki mfukoni.

Nunua ya kipenyo cha lenzi yako kubwa zaidi, kwa mfano milimita 77, kisha tumia pete za kuunganishia kwa zile ndogo. Kasoro ya mpango huu ni kwamba kofia ya kukinga jua ya lenzi ndogo haitaingia tena, na jua la ubavuni itabidi ulikinge kwa kiganja.