Tui la kopo, la boksi na la unga: lipi liende kwenye chungu gani

Tui la dukani likiharibu chakula, mara nyingi kosa haliko kiwandani. Mapishi ya nazi ya pwani yanasimama juu ya matui mawili: kasimile, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, na tui jepesi la mikamuo inayofuata. Jepesi ndilo linaloivisha, zito linaingia mwishoni likabaki na ladha yake. Kopo lina tui la aina moja tu. Anayelimimina lote chunguni mara moja amepoteza nusu ya pishi kabla moto haujakolea, hata kama kopo lenyewe ni zuri.

Kwa hiyo kwanza ligawe. Kwa wali wa vikombe 2 vya mchele (kama gramu 400), kopo la mililita 400 lililo zito litumike nusu tu, na nusu hiyo nayo igawanywe. Mililita 100 changanya na maji mililita 550 na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, chemsha, tia mchele. Maji yakikaribia kukauka, mwagia mililita 100 zilizobaki, geuza mara moja, funika na upalie moto mdogo. Mchele ukiwa mpya, punguza maji mililita 100. Ukitia kopo zima bila kulipunguza, punje zinateleza mafuta kwa nje huku kiini kigumu, kwa sababu tui zito haliingii kwenye punje kama maji yanavyoingia. Chini nako linashika na kuungua mapema, na ukoko wa namna hiyo ni mchungu, hauliki.

Maharage ni hivyo hivyo: yaive kabisa kwa maji matupu, tui jepesi lifuate, zito dakika 5 za mwisho.

Sasa kuchagua. Usinunue kwa picha ya mnazi, soma lebo. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex, vya mwaka 2003 vinataka tui la kawaida liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, lile jepesi 5, na krimu ya nazi 20. Kopo zuri la kupikia lina asilimia 17 hadi 19, na viungo vyake ni viwili: nazi na maji. Likiwa na asilimia 6, umelipia maji yaliyosafiri baharini. Tui hilo halifai kupunguzwa tena, litumie lilivyo mahali pa tui jepesi.

Kinachodanganya watu wengi ni uzito wa tui la boksi. Maboksi mengi yana gundi ya guar, ambayo kwenye lebo huandikwa pia E412. Gundi hiyo inashika mafuta na maji pamoja, ndiyo maana tui linatoka laini na zito tangu mwanzo. Lakini uzito huo si nazi. Sugua tone kati ya vidole viwili: likivutika na kuteleza kama mlenda, ni gundi, likiacha mafuta ngozini, ni nazi. Kopo lisilo na gundi likikaa kwenye friji hujitenga, krimu ngumu juu, maji chini. Halijaharibika. Tikisa, au bora zaidi, chota krimu ya juu uitumie kama kasimile. Hapo umepata matui yako mawili bila kukuna nazi, na ndiyo sababu kopo lisilo na gundi linashinda boksi kwa mbali.

Gundi ina faida yake moja: tui halikatiki kirahisi. La nazi mbichi ukilichemsha kwa fujo baada ya kutia ndimu au ukwaju, linakatika vipande vipande; la boksi linastahimili, hata kwa mpishi asiye na muda wa kusimama akikoroga. Kwa mchuzi wa siku za kazi, lichukue bila wasiwasi. Kwa samaki wa kupaka, hapana. Mchuzi wa kupaka lazima ukaukiwe, mililita 400 zirudi karibu 200, ushike mgongo wa kijiko na uanze kutoa mafuta pembeni. Wenye gundi unageuka uji, hautoi mafuta, na juu ya samaki unakaa kama utando usio na harufu. Pishi hili linataka nazi ya kukuna, na hapa hatuoni njia ya mkato inayokubalika.

Unga wa tui ni kitu kingine kabisa. Karibu kila pakiti ina maltodekstrini, yaani unga wa wanga uliosindikwa, na nyingi zina kaseinati ya sodiamu, protini itokanayo na maziwa ya ng'ombe. Asiyetumia maziwa asome lebo kwanza, wala asiamini jina la nazi lililo mbele. Ladha yake ina utamu wa maziwa ya unga, unaosumbua kwenye samaki lakini unakubali kwenye mahamri na mkate wa kumimina. Huko ndiko tunakousifu: unachanganywa na unga mkavu, na kipimo cha maji hakivurugiki. Kwa mchuzi, ukoroge kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Ukiumwaga moja kwa moja kwenye chungu kinachochemka unafanya mabonge ambayo mwiko hauyavunji.

Nazi inayokunwa kwa mashine sokoni iko katikati. Ni mbichi, lakini mashine ikila hadi ganda la kahawia, tui linatoka la kijivu na lenye uchungu kidogo. Mwambie mkunaji aishie kwenye nyama nyeupe, na akune mbele yako. Iliyokaa kwenye mfuko juani huanza kuchacha, na sukari kidogo haitaificha. Walio Ulaya na Marekani watafute nazi iliyokunwa na kugandishwa, kwenye maduka ya Wahindi na Wafilipino: iyeyushe, isage kwenye blenda na maji ya uvuguvugu, kamua kwa kitambaa. Inakaribia nazi ya nyumbani kuliko kopo lolote.

Likibaki kopo, usiliache wazi kwenye friji. Hamishia kwenye chombo cha kioo, limalizwe ndani ya siku 3, au ligandishe kwenye trei ya barafu. Vipande vinne vinatosha chungu kidogo cha mchicha. Kopo lililovimba litupwe bila kufunguliwa.