Omega Mart, Las Vegas: nenda, lakini usiwe na haraka

Ukichoshwa na kelele za kasino, chukua teksi mpaka AREA15, jengo la burudani na maonyesho, ukaione supamaketi hii. Ni kazi ya Meow Wolf, kundi la wasanii lililoanzia Santa Fe, na imefunguliwa tangu Februari 2021. Ukisimama mlangoni utaapa ni duka la kawaida: taa kali, rafu zimejaa, bei zimebandikwa.

Sasa soma lebo. Karanga za chumvi, halafu kopo linajigamba kuwa hazina karanga ndani. Sabuni ya kufulia inaitwa Plausible Deniability, yaani kukana kunakoaminika, nadhani ni ya wale wenye madoa ya kukana mahakamani. Pakiti nyingine inakuuliza bila haya: nani alikwambia hii ni siagi? Kwenye nyama, kuku wamechorwa tatuu. Hawakulipua kazi hata kidogo. Rangi, herufi na majigambo ni yaleyale tunayouziwa kila siku, ila yamesogezwa kidogo tu, na hapo ndipo utamu ulipo. Dada mmoja pembeni yangu alikuwa anageuza kopo kutafuta viambato, uso mkavu kabisa, kama anayehofia sukari. Na vitu vingi vinauzwa kweli, unapita kaunta unalipa.

Milango ya friji la vinywaji ni njia ya kupita. Huko nyuma kuna telezi, mataa na mkasa mrefu wa Dramcorp, kampuni ya kubuni inayomiliki duka. Watoto hawatoki huko. Mimi nilirudi kwenye rafu.

Ila hapa umekata tiketi, unajua unataniwa. Mwaka 1993 kundi la Barbie Liberation Organization lilibadilisha sauti za wanasesere wa Barbie na G.I. Joe, likawarudisha madukani kimyakimya. Mnunuzi akafika nyumbani, Barbie anatangaza kisasi na mwanajeshi anapanga harusi. Ule ulikuwa uchokozi hasa! Huu wa Las Vegas ni mpole zaidi, ingawa tangu nitoke huko siamini chupa ya shampuu inayoniahidi maisha mapya.

Utani karibu wote uko kwenye maandishi ya Kiingereza. Ukienda na mama au shangazi asiyekisoma, jiandae kumtafsiria rafu nzima, la sivyo atakuuliza mbona umelipa kiingilio cha dukani.