Uzoefu wangu na lenzi za ZEISS CP.3 XD: picha tamu, ila data ina vituko vyake

Wadau nimeulizwa sana kuhusu hizi lenzi zinazotoa data, ngoja nieleze nilivyozitumia. Mimi ni mtu wa fokasi, yaani ninayezungusha lenzi ili picha ibaki kali, niko Dar, kazi ilikuwa tangazo la siku tatu, bajaji ipo studio mbele ya kitambaa cha kijani halafu barabara inakuja kuwekwa baadaye kwenye kompyuta. Jamaa wa VFX, yaani wa kuunganisha picha kwenye kompyuta, akasema mapema anataka kujua kila fremu fokasi ilikuwa umbali gani, T ngapi (kipimo cha mwanga unaopita kwenye lenzi), na lenzi inapinda picha kiasi gani pembeni. Kizamani hapo unachukua ubao wa miraba kama wa drafti unaurekodi kwa kila lenzi na kila umbali, siku nzima inakatika na hujapiga shoti hata moja.

Basi tukakodi seti ya lenzi tano kutoka Nairobi, kamera RED Gemini yenye mounti ya PL, yaani kifungio cha lenzi cha kamera za sinema. CP.3 zilitoka 2017, ziko kumi kuanzia milimita 15 mpaka 135, pete ya fokasi inazunguka digrii 300, yaani kwa mtu wa fokasi ni raha tupu. Zenye XD zina elektroniki ndani, zinaongea lugha ileile ya /i, mfumo wa data za lenzi wa kampuni ya Cooke, ila ZEISS wakaongezea data ya kupinda kwa picha na giza la pembeni. Nyuma kwenye mounti kuna vidoti vya kugusana na pini za kamera, na ubavuni kuna tundu la kebo aina ya LEMO la pini nne.

Sasa kituko. Asubuhi nafunga 35, picha kali kabisa, ila kwenye skrini sehemu ya lenzi tupu, T hamna, umbali hamna. Nikavua, nikafuta vidoti na spiriti, nikarudisha, wapi. Nikabadili lenzi, wapi. Dairekta anazunguka tu anaangalia saa. Kumbe mounti ya PL ina masikio manne na lenzi inaweza kuingia kwa mkao zaidi ya mmoja, picha inatoka vilevile, na mimi nimezoea kuifunga namba ziangalie upande ninaosimama, kwa hiyo vidoti na pini vilikuwa havikutani kabisa. Nikageuza robo, paap, 35mm, T2.1, umbali huo hapo, nikigusa pete namba zinakimbia. Hakuna aliyenikumbusha, aliyetukodisha katukabidhi masanduku akaondoka zake. Futi nilibaki nayo shingoni siku zote tatu lakini, mazoea.

Kamera B ilikuwa Sony na adapta ya PL isiyo na pini hata moja, so data haipiti popote. Hapo lile tundu la ubavuni ndo mkombozi, unavuta kebo mpaka kwenye boksi la kurekodi, sisi tulitumia Lockit+ ya Ambient, na taimkodi, yaani saa ya kila fremu, inatoka boksi hilohilo kuingia kwenye kamera ili baadaye vioane. Kebo yenyewe ni nyembamba na mtu wa gripu aliikwaa mara mbili, ifungeni tepu vizuri.

Kosa kubwa zaidi tulilifanya sisi wenyewe baada ya shuti. Dogo wa data kaona R3D, yaani faili ghafi za RED, zinajaza diski, akageuza zote kuwa ProRes, aina nyingine ya faili za video, akamtumia mtu wa VFX Arusha. Simu ikaja, bro data iko wapi? Data zipo ndani ya R3D, ukishageuza ndo basi, ikabidi diski nzima ipande basi la asubuhi. Ilipofika akapitisha faili kwenye REDline, programu ya RED, ikamtolea CSV, yaani jedwali la namba, fremu kwa fremu, halafu plagini ya ZEISS ya Nuke, programu ya kuunganisha picha, ikanyoosha picha. Ubao wa drafti hatukuugusa.

Nawapa nyota nne. Ila kama kazi yako ni harusi au mahojiano usikodi XD, chukua CP.3 za kawaida, glasi ni ileile. Na mwenye kazi ya kijani, kabla ya shoti ya kwanza bandika kipande cha tepu nyekundu kwenye mwili wa lenzi usawa wa vile vidoti, mimi za kwangu zote siku hizi zinatembea na tepu.