Niliagiza matangi ya 1948, nikaletewa ya miaka ya sitini

Marehemu baba alikuwa baharia. Safari moja alirudi na gari moshi dogo alilonunua Baltimore, kipimo cha 1 kwa 87, na hilo ndilo lililozaa reli yangu ya mezani hapa Kibokoni. Kila kilicho juu ya meza ile ni Marekani ya 1948. Nilipungukiwa na mabehewa ya mafuta tu, ndipo nikaenda duka moja la mjini linaloagiza vitu hivi kutoka nje.

Muuzaji nilimweleza vizuri, tena kwa maandishi: tangi lenye kuba mgongoni, lililolazwa juu ya chasisi, la galoni 8,000 au 10,000, saizi za kawaida za wakati huo. Kuba lile si pambo. Mafuta yakipigwa na jua hutanuka, na enzi zile nafasi ya kutanukia ilikuwa humo. Matangi yasiyo na kuba yalikuja kushika njia baadaye, miaka ya 1950 ikienda ukingoni. Akaitikia "sawa sawa", akachukua pesa zote kabla.

Miezi ikapita. Kufungua boksi, nakuta majitu matatu meupe, mgongo mtupu. Matangi ya gesi ya galoni 33,000, ambayo Marekani yenyewe iliyaona miaka ya 1960! Nikajaribu moja relini hivyo hivyo. Kwenye kona ya kwanza tumbo likatoka nje, likakwangua jukwaa la stesheni nililolijenga kwa vijiti vya aiskrimu, kibao cha jina kikang'oka pamoja na gundi yake.

Sitasema uongo, kazi ni safi. Ngazi nyembamba kama uzi, na herufi ndogo kabisa zasomeka ukivaa miwani. Mwenye reli ya 1970 angefurahi, na mimi nilikuwa tayari kutoa nyota tatu kwa ajili ya huyo aliyeyatengeneza.

Nikarudi dukani. Hata kiti sikuonyeshwa. Boksi hakulifungua, akanitolea maneno mbele ya wateja: "Tangi ni tangi, mzee. Mtu mzima walilia treni za watoto?" Na karatasi yangu naiona, imebanwa palepale kwenye daftari lake, mwandiko wangu, 1948 nimeipigia mistari miwili! Wallahi nilitoka bila kuaga. Nyota tatu za nini? Moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haiwekwi.

Nikiwa barazani kijana wa stoo akanikimbilia. "Ami, subiri." Mkononi ana tangi jeusi lililojaa vumbi, kuba juu, gurudumu moja limelegea, ubavuni UTLX. Hiyo X ya mwisho ni alama ya behewa la kampuni binafsi, kwani kule matangi mengi hayakuwa mali ya mashirika ya reli. Hili lilikuwa la Union Tank Car. Kijana hakuwa na habari hizo, ila aliisoma karatasi yangu akaenda kutafuta kuba. Akanibadilishia na moja la yale meupe, hakuniongezea hata shilingi.

Huyo nampa tano, na mwenye duka asijihesabie hata moja kati ya hizo. Gurudumu nimelikaza, tangi liko nyuma ya injini ya baba na kona zote linapita. Meupe mawili nayarudisha wiki hii, na safari hii nataka pesa yangu.